Mchele wangu ndani ya MV Umoja, Mwanza Kusini hadi Port Bell

Nimevusha mchele Ziwa Victoria kwa boti la mbao, nimeuzungusha kwa lori kupitia mpaka wa Mutukula, na sasa nimeupakia kwenye meli ya mizigo MV Umoja mara mbili. Ya boti niiseme kwanza, maana ndiyo iliyonifundisha kuuliza maswali kabla ya kupakia. Tulikuwa tunakwenda visiwani. Upepo ukatukuta saa tisa usiku, maji yakaanza kuingia kwa mbele, mwenye boti akasema tupunguze. Nikashika kiroba pembe mbili, kijana mwingine pembe mbili, tukakitupa. Kisha kingine. Viroba 34. Tulifika wazima, namshukuru Mungu, lakini ule mlio wa mchele ukiingia majini gizani ninao mpaka leo.

MV Umoja ni kitu kingine kabisa. Ina reli juu ya sitaha. Mchele wetu uliingia kwenye behewa, behewa likafungwa lakiri, halafu kichwa cha treni kikalisukuma behewa lenyewe hadi ndani ya meli. Kule Port Bell, bandari ya Uganda, linatolewa hivyohivyo na kuvutwa kwenda Kampala, kwa sababu reli ya zamani ya Tanzania na ya Uganda zina upana mmoja wa mita moja. Hakuna kuli anayekigusa kiroba njiani. Anayejua viroba vinavyotoboka kila vinapohamishwa ataelewa kwa nini nalisema hili kabla ya bei. Sisi wafanyabiashara watatu tulijaza behewa moja, viroba 800 vya kilo 50, yaani tani 40. Meli yenyewe inachukua kama tani 1,200.

Ni mzee huyu. Aliundwa Scotland katikati ya miaka ya 1960, akaja kuunganishwa Kisumu pamoja na pacha wake MV Uhuru, enzi reli na meli za nchi zetu tatu zilikuwa mali moja. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 pacha wakagawanywa: Uhuru akabaki Kenya, Umoja akaja kwetu. Njia ya mabehewa kwenda Port Bell ililala karibu miaka kumi, ikafufuliwa Juni 2018. Baadaye meli ikafanyiwa ukarabati mkubwa.

Siku ya kupakia nilisimama gatini bandari ya Mwanza Kusini tangu asubuhi, na ningewashauri wenye mizigo wote wafanye hivyo walau mara moja. Behewa la kwanza lilipokanyaga meli, nyuma ilizama kidogo machoni pangu na kamba za gatini zikalia. Hawakujaza upande mmoja wakamaliza. Waliingiza kushoto, wakahamia kulia, wakasimama kutazama namba za kina zilizochorwa ubavuni mwa meli, wakaendelea. Kati ya behewa na behewa dakika zinapita, na jua la Mwanza halina huruma, lakini sikuona mtu akiwaharakisha. Kisha ikaja minyororo. Baharia mmoja wa makamo, mikono imejaa grisi, alikuwa anakaza skrubu ya mnyororo wa behewa letu kwa nondo, kisha anaupiga mnyororo kwa nyundo na kuinamisha sikio. Nikamuuliza, “Shikamoo mzee, unasikiliza nini?” Akasema, “Marahaba. Uliolegea unalia mzito.” Mmoja aliufungua, akaukaza upya.

Nilimwelewa. Mzigo huu una magurudumu. Behewa moja la tani 40 likianza kutembea ziwani usiku, uzito wote unahamia upande mmoja na meli inalala. Sisi watu wa Mwanza hatuhitaji kuelezwa meli kulala ni nini. Mei 21, 1996 nilikuwa darasa la tano. Walimu walitoka madarasani wakasimama uwanjani, hakuna aliyetufundisha siku ile. MV Bukoba, iliyozama siku ile, iliruhusiwa abiria 430. Waliokufa walipita 800. Mpaka leo tukipita Igoma, kwenye makaburi yao, mama yangu hunyamaza mpaka gari lisogee mbele. Halafu Septemba 2018, miezi michache tu baada ya Umoja kurudi kazini, MV Nyerere ikapinduka karibu na kisiwa cha Ukara ikaua zaidi ya watu 220.

Hata meli za mabehewa hazikuachwa. Mei 2005 MV Kabalega ya Uganda iligongana na mwenzake MV Kaawa, Kabalega ikazama. Kwa hiyo sisemi Umoja haiwezi kupata ajali kwa kuwa ni kubwa na ni ya chuma. Ninasema nimeona inavyopakiwa, na kwa umri wa miaka 60 hivi bado inaelea ikifanya kazi ileile iliyoundiwa.

Kilichonikera si meli. Wakala tuliyemlipa atutolee nyaraka alikosea uzito kwenye karatasi, behewa likakaa yadi siku nne mpaka likarekebishwa. Mteja wetu Kampala alikuwa anapiga simu kila jioni. Safari ya pili nilizisoma karatasi mwenyewe, mstari kwa mstari, kabla hazijagongwa muhuri. Lingine: unasubiri meli ijaze. Mwenye haraka achukue lori tu, hasa sasa daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, Juni 2025, na ile foleni ya kivuko imekwisha. Kwa mzigo mdogo wa tani tano au sita lori ndilo lenye maana. Kwa behewa zima, sisi tulilipa pungufu ya nauli ya lori safari zote mbili.

Nilitangulia kwa basi nikaisubiri Port Bell. Ilitia nanga asubuhi ikitoka kwenye usiku wa mvua kubwa. Radi niliisikia nikiwa kitandani Luzira, jirani na bandari, na sikulala. Lakiri ilikatwa mbele yangu. Nikaingiza mkono mpaka kwenye viroba vya chini kabisa, vile vinavyogusa sakafu ya behewa, ambako maji yakiingia ndiko yanakoanzia. Vikavu. Tulihesabu 800, na mteja akaanza kupima.