Darasa la Kiingereza cha mtaani, mi nimelikubali

Jamani hili darasa la jioni hapa Uingereza limenisaidia sana, maana Kiingereza cha shule ninacho ila watu wakianza kupiga stori napotea kabisa. Jirani alinikaribisha chakula akasema njoo "sevenish", mi nikagonga mlango saa moja kamili, kumbe hiyo "ish" ni kukadiria tu, saa moja hivi, mwenzangu bado ana taulo kichwani! Na "quite good" ndo usiseme, Mmarekani hapo anakusifia kweli, Mwingereza mara nyingi anamaanisha inaridhisha tu, sikiliza anakaza neno gani. Ticha anarudia mpaka uisikie. Ila tuko watu 20, zamu ya kuongea unaisubiri weee, wapunguze.