Ile picha ya "wewe na wewe wa zamani" pale Darajani, maoni yangu

Jamani kuna duka la picha Darajani, mjini Unguja, kichochoro cha kuelekea Mkunazini, wana ile huduma ya akili mnemba inayovuma saa hizi, unawapa picha yako ya ujanani na ya sasa wanakutoleeni mmekumbatiana kama ndugu. Elfu 15 saizi ya A4, fremu mbali. Nikasema hebu.

Kijana wa pale ana adabu zake, "ami lete ambayo uso unaonekana," na anaskani mbele yako hapohapo, picha haiendi nyuma ya pazia, hilo nampa maksi zote maana yangu ndo hiyohiyo sina nyengine. Ilipigwa miaka ile ya mwanzo ya DCMA, kile chuo cha muziki cha Zanzibar, baada ya kufunguliwa 2002, wakiwa jengo la forodha ya zamani Mizingani, mie nimetoka Wete na begi langu nimekuja kujifunza fidla na hamu yangu siku moja nikae jukwaani na kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa, nipige bashraf, ule muziki wa ala tupu wa kufungulia taarabu, watu wanyamaze. Kisha hoteli moja Nungwi ikataka mtu wa mapokezi, na mpaka leo nipo mahotelini.

Sasa kazi yenyewe. Mimi wa leo nimetoka vizuri, hata kitambi kimepunguzwa (sikuomba, lakini pia sikukataa). Tatizo fidla. Fidla ina nyuzi 4, hii imepewa 6 na mbili zinaishia hewani. Kofia yangu ya kiua aliyoishona mama, vitobo vyote vimezibwa yakachorwa maua ya ajabu ajabu. Akarudia, nyuzi zikawa 5, nikamwambia basi wacha.

Ila kilichonikera zaidi si nyuzi. Kwenye picha ya asili yule kijana hacheki, kakaza uso kama anadaiwa, kidevu kakikandamiza kwenye fidla. Hii mashine imemtoa meno nje ananikumbatia, eti kafurahi kuniona! Nani kasema kafurahi? Mie namjua yule, angeniuliza kwanza fidla iko wapi, nimwambie niliiuza tukaezeka nyumba ya mama Wete na wadogo zetu wakasoma kwa mshahara wa mapokezi, hapo angenyamaza, naamini, na nyumba ningeiezeka tena hata kesho. Lakini angeuliza tena, haya, pesa zilipokuja mbona hukununua nyengine? Hilo wallahi sina la kumjibu, na picha ya kukumbatiana inaliruka swali lote.

Kwa hiyo ile ya kukumbatiana wekeni kwa utani na kadi za harusi. Dukani hapohapo wana kusafisha picha za zamani, elfu 5 tu, sijui kwa nini hawaitangazi. Yangu ilikuwa na ukungu na kona imeliwa na mende, kaitoa safi, nyuzi 4 zake, vitobo vya kofia unavihesabu, na uso wake uleule wa ukali. Hii ndo nimeitia fremu. Ile nyengine mke wangu kaipenda, kairusha grupu la familia wanasema mashaallah mnafanana, sasa tungeacha kufanana vipi.

Kukumbatiana nyota 2, kusafisha nyota 5. Nendeni asubuhi, jioni wanajaa watu wa picha za pasipoti na kijana yuko peke yake.