Kurasa 16 zilizokosekana na jibu nililopewa dukani

Si desturi yangu kulalamika hadharani kuhusu kitabu, tena cha watoto, lakini jibu nililopewa dukani bado limenikaa kooni, na sidhani nitatulia kabla ya kulitoa. Nilimnunulia binti yangu wa darasa la sita riwaya ya kihistoria kuhusu njaa ya Mtunya, ile iliyoikumba Ugogo kati ya mwaka 1917 na 1920. Nililipa Sh 12,000 katika duka moja la hapa Dodoma ambalo silitaji, si kwa kulihurumia, bali kwa sababu sitaki kulitangaza bure.

Tulikisoma jioni, binti akisoma kwa sauti, mimi nikisikiliza, na mama yangu, aliyekuwa ametutembelea kutoka Mvumi, akichambua mlenda pembeni. Hadithi inamhusu msichana anayelelewa na bibi yake, na kibuyu kilichoning'inizwa kwenye boriti ya tembe ambacho hakuna anayeruhusiwa kukigusa. Ukurasa wa 64 unaishia pale bibi anapokishusha kibuyu hicho na kumwambia mjukuu wake afunge mlango. Ukurasa unaofuata ni wa 81. Binti yangu alidhani amefunua kurasa mbili kwa pamoja, akalamba kidole, akarudi nyuma, akajaribu tena. Mtu anayejua uchapaji ataniambia kwamba karatasi moja kubwa hukunjwa ikatoa kurasa 16 na kwamba aliyejalidi aliruka fungu moja tu; nami nitamuuliza kwa nini, kati ya mafungu yote, aliruka lile lenye siri.

Siku chache baadaye nilikirudisha. Kijana niliyemkuta kaunta, ambaye ningeweza kabisa kumzaa, hakuniamkia wala hakuinua macho kutoka kwenye simu yake. Nilipomwonyesha pengo lile, alikipekua kitabu kama anayekagua noti bandia, kisha akasema, "Mzee, hicho si cha watoto tu? Mwanao atajazia mwenyewe hapo katikati." Nikaomba nakala nyingine, akasema kitabu kikishatoka dukani hakirudi. Nikaomba kumwona mkubwa wake, akasema mkubwa ni yeye. Nimejibiwa vibaya na watu wenye vyeo katika ofisi nyingi, lakini sikuwahi kuambiwa kwamba mtoto hana haja na katikati ya hadithi.

Nilirudi nyumbani nikiwa nakichukia kila kitu kilichomo ndani ya majalada yale. Niliwachukia hata wachoraji, maana mtu anayeandika kuhusu Wagogo na kuchora misonge ya nyasi hajawahi kusimama mbele ya tembe, nyumba ya mstatili yenye paa bapa la udongo. Kama ningeandika tathmini hii usiku ule, ningewaambia wazazi wenzangu wasinunue.

Hata hivyo, lazima nikiri kwamba mwandishi anaijua njaa ile. Haisingizii mvua peke yake. Anaonyesha Wajerumani wakichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo ya vita, kisha Waingereza, waliouteka mji wa Dodoma mwaka 1916, nao wakichukua kilichobaki, hata ukame ulipofika ukakuta maghala yameshafagiliwa. Wanahistoria hukadiria kwamba walikufa watu wapatao 30,000 kati ya 150,000. Mwandishi hamtwishi mtoto hesabu hiyo. Anamweka msichana juu ya paa kila alfajiri, akihesabu ni tembe ngapi bado zinafuka moshi. Ukurasa ule binti yangu aliusoma mara mbili bila kuambiwa.

Lakini kilichonichanganya zaidi kilitokea kwa sababu ya pengo lenyewe. Binti alimuuliza bibi yake mle kibuyuni kulikuwa na nini. Mama akaendelea kuchambua mlenda kwa muda, kisha akasema, "Cha kwenye kibuyu sikijui. Nakijua cha kwetu." Ndipo akatueleza kwamba bibi yake aliyemzaa mama yake, akiwa mtoto wa miaka kama minane, aliwekwa rehani kwenye nyumba ya watu waliokuwa bado na akiba, kwa vikapu viwili vya mtama, na baba yake akaahidi kumkomboa mvua zikirudi. Baba hakuonekana tena. Nyumba ile ndiyo iliyomlea, ndiyo iliyomwoza, na ndiyo iliyopokea ng'ombe wa mahari yake. Kumbe wale wa Mvumi ambao mama amekuwa akiwaita wajomba zake, nasi tukiwapa heshima ya kwanza katika kila harusi, si ndugu zetu wa damu. Nina zaidi ya miaka 40 na sikuwahi kulisikia neno hilo.

Baada ya jioni ile nilikuwa tayari kukisifu kitabu, pengo likiwemo, na kukipa nyota nne kati ya tano. Bahati mbaya, mwalimu mmoja jirani yangu alikuwa na nakala kamili, nami nikaiazima. Nimezisoma kurasa za 65 hadi 80. Ndani ya kibuyu mna rupia za Mjerumani, na familia inaokoka kwa kuzitumia. Nilipomsomea mama, aliniuliza, "Rupia? Mwaka ule? Walizitafuna?"

Binti yangu, kwa kuniudhi, anazipenda zile rupia na anasema msichana alistahili kuzipata. Kwa hiyo nyota nazirudisha hadi mbili, au tatu kwa ajili ya zile tembe zinazofuka moshi. Yule kijana wa dukani simpi hata moja, na Sh 12,000 zangu bado nazidai.