Amrut Fusion: wiski ya India nimeionja, sikiza
Basi juzi beshte yangu katoka Bangalore kaniletea chupa ya Amrut Fusion, singo molti (yani wiski ya shayiri tupu ya kiwanda kimoja) ya huko huko, mi nikacheka nikamwambia we bwana, Wahindi nawajua kwa bhajia na biriani, wiski tena? Tukakaa barazani kwake Bamburi, joto la Januari hata feni inalia, tukafungua.

Harufu ya kwanza ni moshi, lakini si wa kukaba, ni kama ukipita jioni kwa mama wa mahindi choma, alafu nyuma yake unapata maganda ya chungwa na sukari iliyoungua. Manake wamechanganya shayiri ya India na ya Scotland iliyokaushwa kwa moshi, ndo hilo jina Fusion. Mdomoni nzito, tamu kiasi, pilipili manga inakuja mwisho na haitoki. Ila jamani pombe yake ni asilimia 50, funda la kwanza nilimeza kavu kavu machozi yakanitoka, we tia matone ya maji tu, barafu inaua ladha yote.

Joto la Bangalore linaivisha wiski mbio, hakuna kungoja miaka 12, ila wiski iliyo ndani ya pipa nayo inavukia hewani kama asilimia 10 kila mwaka au zaidi, kwa hivyo usishangae bei. Hapo ndo naikata alama, baa moja Nyali toti moja walinitoza pesa ya pweza wa wiki nzima, na glasi yenyewe inanuka sabuni.

8 kwa 10. Imebaki robo chupa, nimeificha nyuma ya unga.