Dikoda Mbili Sebuleni: Nimelipia Mpira, Nimeletewa na Mengine

Nyumbani kwangu Walukuba, Jinja, kuna televisheni moja na dikoda mbili. Ya kwanza ni ya Azam, niliitaka mwenyewe kwa ajili ya ligi ya Tanzania. Ya pili aliileta mwanangu mkubwa kwa ajili ya ligi ya Uingereza, na kampuni yake siitaji kwa sababu nitailalamikia. Wazee wenzangu waliozoea antena na redio huniuliza wachukue ipi, basi naandika niliyoyaona. Mjue tu kwamba mimi ni mtu wa zamani. Napenda mpira uamuliwe kwa filimbi ya refa, siasa zisemwe kwa adabu, na televisheni isiwafundishe wajukuu zangu yale ambayo mimi na bibi yao hatukuwafundisha.

Kilichonifanya niipende dikoda ya Azam ni lugha. Walukuba ni mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda, na Wasoga, Waluo, Wagisu na watu wa West Nile tulielewana kwa Kiswahili kabla serikali haijakikumbuka. Mwaka 2022 baraza la mawaziri lilipitisha kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni. Vizuri. Lakini zungusha chaneli zetu jioni uone: Kiingereza, Luganda, Kiingereza tena. Mpira wa Simba na Yanga ndio unaowafundisha wajukuu wangu Kiswahili fasaha, na mtangazaji akichangamka hata bibi yao, asiyejua kuotea ni nini, huacha jiko na kuja kuchungulia. Isitoshe, kule tuna watu wetu. Okwi alikuwa mfalme Msimbazi, kwa Simba, Aucho akashika kiungo cha Yanga kwa misimu kadhaa. Unatazama ligi ya jirani huku unamshangilia mtoto wa nyumbani.

Picha ni safi. Mwaka 2021 Azam walisaini mkataba wa miaka 10 na ligi hiyo, zaidi ya shilingi bilioni 225 za Tanzania, na ukitazama unaona fedha zimekwenda wapi: kamera nyingi, marudio ya kila tukio, wachambuzi waliokaa kabla na baada ya mechi. Nikirudi kwenye ligi yetu moyo unaniuma kidogo. SC Villa walichukua ubingwa mwaka 2024 baada ya miaka 20 ya ukame. Mimi ni shabiki damu wa Express, wapinzani wao, sikutarajiwa kufurahi, lakini nilitegemea mtaa uzizime. Vijana wa jirani walikuwa wakibishana kuhusu kipa wa akiba wa Arsenal.

Sasa hiyo dikoda ya pili. Kifurushi kinachoonyesha mechi zote kubwa kinakula zaidi ya shilingi laki moja kwa mwezi. Mpira wenyewe sina neno nao. Ila umelipa kwa simu, ujumbe umeingia kwamba malipo yamepokelewa, na kioo bado kinakuambia huna kifurushi. Unapiga huduma kwa wateja, unapigiwa muziki. Siku moja picha ilirudi wachezaji wakiwa wanabadilishana jezi. Mvua ya ziwani ikishuka, dikoda zote mbili huzimika, hapo hakuna mshindi.

Ugomvi wangu mkubwa ni matangazo ya kamari. Kabla ya mechi ni kamari, mapumziko ni kamari, na hata mchezo ukiendelea jina la kampuni ya kubeti liko kifuani mwa mchezaji. Klabu za Uingereza zenyewe zilikubaliana mwaka 2023 kuyaondoa majina hayo mbele ya jezi, kuanzia msimu wa 2025/26 ukiisha. Huku kwetu, Januari 2019 serikali ilitangaza kwamba haitatoa leseni mpya za kubeti kwa sababu vijana wanaharibika, nami nilipiga makofi. Leo nikitembea kutoka nyumbani hadi sokoni napishana na vijana wenye slipu mkononi mchana kweupe, wanasubiri matokeo ya timu za nchi wasizoweza kuzionyesha kwenye ramani.

Dikoda ina namba ya siri ya kufungia chaneli zisizofaa watoto. Nilimwomba mwanangu aiweke, na inafanya kazi: chaneli za filamu za usiku zimefungwa, na mjukuu wangu mjanja kuliko wote ameshindwa kuzifungua. Lakini namba ile hufunga chaneli, haifungi tangazo. Nimelipia mpira ili nikae na watoto, halafu katikati anakuja mtu mwenye suti kuwaambia kwamba utajiri uko kwenye mkeka wa kubeti. Nikisikia filimbi ya mapumziko nazima sauti na kuwauliza watoto hesabu za kichwa. Wameshaanza kuyachukia mapumziko.

VAR, ule mtambo wa video wa kumsaidia refa, nayo nimeilipia, kwa kuwa haikwepeki. Goli linafungwa, unaruka, unamkumbatia usiyesalimiana naye, halafu mnasimama dakika tatu mkisubiri mstari uchorwe kwapani mwa mtu. Hiyo si furaha ya mpira. Ingawa, haki isemwe: Agosti 2025, kwenye CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, pale uwanja wa Namboole, tulikuwa nyuma 3-1 dhidi ya Afrika Kusini, tukasawazisha kwa penalti mbili za mwishoni, ikawa 3-3 na tukasonga mbele hadi robo fainali, walipotutoa Senegal kwa goli 1-0. Usiku ule wa penalti mbili sikumsikia Mganda hata mmoja akiulaani mtambo, na mimi nilikaa kimya kama wengine.

Mtu atasema, mzee, siasa umeziingiza wapi kwenye dikoda? Zimo humo humo. Mpira wa Uganda haujawahi kukaa mbali na wakubwa. Express yangu ilipigwa marufuku wakati wa Amin, na wakati wake huo huo Cranes, timu yetu ya taifa, walifika fainali ya Afrika mwaka 1978 kule Accra, wakafungwa 2-0 na Ghana. Fainali ya namna hiyo hatujaifikia tena. Januari 2023 hapa hapa Jinja, Arsenal walipowafunga Manchester United 3-2, mashabiki wanane walikamatwa kwa kuandamana na kikombe cha kuigiza bila kibali cha polisi. Mimi ni mtu wa sheria, na wenye honi usiku wa manane nawachukia. Lakini kibali cha kushangilia? Sheria ikifika hapo inachekesha, na sheria ikishachekesha vijana hawaiogopi tena.

Tena kuna jambo ambalo wauzaji wa dikoda hawalitangazi, nami nalihesabu kuwa sifa. Vijana huniambia dishi limepitwa na wakati, mpira siku hizi ni kwenye simu. Waulize Januari 2021. Wakati wa uchaguzi intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na ndani ya siku hizo Liverpool walicheza na Manchester United. Wenye simu walikuwa wanatazama kioo cheusi. Dishi langu lilikuwa linaleta mechi kama kawaida, sebule ikajaa majirani hadi mlangoni. Mechi yenyewe iliisha 0-0, ilikuwa mbovu kupindukia, lakini hakuna aliyeondoka.

Chaneli za habari zinazokuja na kifurushi nazo nilizitarajia sana, kisha zikanichosha. Bunge letu nililipenda likionyeshwa moja kwa moja. Septemba 2017, wakati wa mjadala wa ukomo wa umri wa rais, wabunge walirushiana viti mbele ya taifa zima, na Tume ya Mawasiliano ikaagiza matangazo ya moja kwa moja ya namna hiyo yasitishwe. Sikufurahishwa na wabunge wala na agizo. Mtu mzima akikosa adabu hadharani, aonekane. Mijadala ya usiku ya siku hizi ni watu wanne wanaosema kwa pamoja, na mwendesha kipindi anatabasamu kama refa aliyepoteza filimbi. Huwa narudi kwenye redio.

Kwa hiyo, mwenye wajukuu anayetaka Kiswahili na mpira usiomkausha mfuko, ya Azam inamtosha. Ile nyingine chukua kama mna kijana anayelipa mwenyewe, lipeni siku mbili kabla ya mechi msije mkapigiwa muziki, na Mei ligi ya Uingereza ikiisha acheni kifurushi kife hadi Agosti. Mwanangu anasema Juni kuna tenisi. Atafute hela yake.