Castlereagh au Peter McDonald: mji mdogo uchezee wapi?

Magharibi mwa New South Wales, Australia, raga ya wachezaji 13 ndiyo roho ya wikendi, na klabu ya mji mdogo ina njia mbili.

Ya kwanza ni ligi ya Peter McDonald Premiership, iliyoanza 2022 kwa kuunganisha ligi mbili za eneo hilo, Group 10 na Group 11. Humo mna vigogo wa Bathurst, Orange na Dubbo. Ushindani ni mkali, kijana mwenye kipaji anaonekana haraka. Lakini Nyngan hadi Lithgow ni zaidi ya kilomita 400, kwenda tu! Mkata manyoya ya kondoo arudi usiku wa manane, na Jumatatu alfajiri kazi inamngoja.

Ya pili, Castlereagh, ni ligi ya miji kama Coonamble, Gilgandra na Baradine. Baradine hadi Coonabarabran hazifiki hata kilomita 50. Magari huegeshwa kuuzunguka uwanja. Trai ikifungwa, yaani mchezaji akiuweka mpira chini nyuma ya mstari wa goli la wapinzani, honi zinalia pande zote. Kiwango kiko chini kidogo, sikatai. Ila mji wa watu mia kadhaa utapata wapi wachezaji wa kusafiri mbali kila wiki? Timu ikishavunjika, kuirudisha ni kazi kweli kweli. Mimi ningebaki Castlereagh.