Oili ya giaboksi imegeuka maziwa, fundi anang'ang'ania gasketi ya kichwa

Nilipanga kuandika kwa upole, maana gereji hii iliwahi kunifungia breki na cheni vizuri kabisa. Lakini kila nikikumbuka jibu la fundi mkuu damu inachemka, kwa hiyo mtanivumilia.

Pikipiki yangu ni ndogo, injini ya mipigo miwili inayopozwa kwa maji. Miezi kadhaa nyuma nikaona maji ya rejeta yanapungua. Chini hakuna tone, mipira mikavu, injini haichemshi, moshi ni uleule wa siku zote. Najaza, yanapungua. Halafu klachi ikaanza kuteleza. Nikafungua kifuniko cha kujazia oili ya giaboksi, nikakuta povu zito la rangi ya chai ya maziwa limeng'ang'ania kwenye nyuzi zake. Hapo hapana ubishi tena: maji yameingia kwenye oili. Swali ni moja tu, yamepita wapi.

Nikamweleza fundi mkuu yote hayo kwa mpangilio. Hakuinama. Hakugusa hata plagi. Akiwa amesimama vilevile akasema, "Gasketi ya kichwa hiyo. Tunafungua kichwa, tunatazama silinda na pistoni, ikibidi injini nzima inashuka." Gasketi hiyo ni kizibio kinachokaa kati ya silinda na mfuniko wake wa juu, yaani kichwa. Nikamuuliza kwa adabu, "Samahani fundi, maji ya kichwani yanafikaje kwenye giaboksi?" Akanijibu mbele ya wateja wengine: "Wewe kazi yako kuendesha. Ufundi tuachie wenyewe."

Basi ngoja nilijibu mwenyewe, kwa sababu lile swali lilikuwa na maana. Kwenye injini ya mipigo minne kwa kawaida oili ni moja, inazunguka toka chini hadi kichwani, na gasketi ya kichwa ikiungua inaweza kweli kuchanganya maji na oili. Kwenye mipigo miwili sivyo. Oili inayolainisha pistoni huja pamoja na petroli na kuungua nayo. Giaboksi ina oili yake peke yake, na kati yake na chumba cha krenki, kile kilicho chini ya pistoni, kuna ukuta na sili, yaani kizuizi cha mpira kinachobana shafti. Gasketi ya kichwa ikipasuka, maji yanaingia kwenye silinda na utaona: moshi mweupe mzito, plagi inatoka imeoshwa, mapovu yanapanda kwenye rejeta. Gasketi ya chini ya silinda ikivujisha maji kwa ndani, yanaishia kwenye krenki na kutoka na moshi vilevile. Mimi sikuwa na dalili hata moja kati ya hizo. Plagi yangu ilikuwa ya kahawia, kavu.

Mshukiwa wa kwanza kwenye injini hizi ni pampu ya maji. Imekaa kwenye kifuniko cha upande wa klachi, na shafti yake inazungushwa na gia zilizoko ndani ya oili. Upande huu maji, upande ule oili, katikati sili. Injini nyingi zina sili mbili na katundu kadogo kati yake kanakotokea nje kwa chini. Sili ya maji ikichoka, katundu kanadondosha, mwenye chombo anajua mapema. Katundu kakizibwa na tope, maji yanasukuma kuelekea ndani. Baada ya pampu unatazama gasketi au oringi (pete ya mpira) ya kifuniko hicho pale njia ya maji inapovuka, na kutu inayokula alumini kuzunguka njia hiyo.

Na kuna kipimo kinachomaliza mabishano bila kufungua kichwa! Unamwaga oili yote, unaacha bolti ya chini wazi, unafunga pampu ya mkono yenye geji kwenye mdomo wa rejeta, unapandisha hadi karibu bar 1 bila kuzidi presha iliyoandikwa kwenye mfuniko wake, kisha unasubiri. Sindano ikishuka na maji yakidondoka kwenye tundu la bolti, umejua upande wa kwenda. Isiposhuka usiitangaze sili kuwa nzima, kwani sili nyingine huvuja shafti ikizunguka tu. Kifaa hicho kilikuwa kinaning'inia ukutani kwao. Nilikiona kwa macho yangu.

Niliondoka nikiwa nimesema wazi waanze na pampu. Niliporudi nikakuta kichwa kiko mezani. Nikashikishwa gasketi: nzima, haina mstari wa moto wala kutu. Fundi mkuu akasema, "Angalau sasa tuna uhakika." Uhakika niliompa tangu mwanzo!

Kijana mmoja pale ndiye aliyefungua pampu, na huyo namsifu kwa moyo wote. Alichokonoa katundu kwa waya, likatoka tope gumu kama kipande cha penseli. Akatoa impela, kile kigurudumu kinachosukuma maji, akachomoa shafti, akaniita. Nikapitisha ukucha pale midomo ya sili inapokaa: ukakwama. Kulikuwa na mfereji umezunguka shafti yote. Kijana akasema shafti ibadilishwe pamoja na sili, la sivyo mdomo mpya utakaa juu ya mfereji uleule. Sahihi kabisa. Fundi mkuu akapita, akaitazama, akasema, "Piga msasa, rudisha."

Kwa hiyo wakafunga sili mpya kwenye shafti mbovu, wakajaza oili mpya juu ya mabaki ya ile iliyochafuka, bila kusuuza. Safari chache tu baadaye povu likarudi. Sikuwarudishia. Fundi mwingine aliweka shafti mpya, sili zote mbili na gasketi ya kifuniko, akajaza oili ya bei ndogo, akaiwasha kwa muda mfupi na kuimwaga, akarudia mpaka ikatoka safi. Tangu hapo maji ya rejeta hayajashuka.

Nilianza kuandika nikitaka kusema kwa breki waendeeni, kwa injini waepukeni. Nafuta. Mtu anayekataa kusikiliza dalili za maji hatasikiliza dalili za breki. Kijana akifungua gereji yake nitakuwa mteja wa kwanza.

Nao nawadai bado, maana maji yamekaa kwenye beringi za giaboksi siku zote hizo walizokuwa wakihangaika na kichwa. Sasa nikiwa gia ya tatu nasikia mvumo ambao haukuwapo nilipowapelekea.